Timu Imepanda Daraja. Je, Ni ya Nani?

(Haya ni mazungumzo tuliyofanya na wanachama wa klabu ya mpira ya kijiji kimoja, jioni baada ya darasa la kisomo. Tumeyaandika gazetini kwa sababu vijiji vingine vimetuuliza habari hiyohiyo.)



Kwanza tunawapa hongera. Mwaka jana timu yenu ilicheza ligi ya wilaya ikashika mkia, kidogo iachwe nje kabisa. Mwaka huu imekuwa bingwa wa wilaya, nayo imepanda kwenda ligi ya mkoa. Ni timu ya ridhaa, ya watu wanaolima asubuhi na kucheza jioni. Hakuna anayelipwa. Siku ya mchezo wa mwisho sisi tulikuwapo. Tulimwona mzee mmoja akirusha kofia yake juu kwa furaha, ikanasa kwenye mwembe. Tunasikia iko hukohuko mpaka leo.

Basi, hayo ni ya furaha. Lakini hatukuitwa hapa kwa ajili ya furaha peke yake. Katibu wenu alituletea karatasi. Ina kurasa tatu. Imetoka kwa mfanyabiashara wa mjini. Anasema atatoa seti mbili za jezi, mipira, viatu, na gari la kuwapeleka wachezaji kwenye michezo ya mkoa. Nanyi kwa upande wenu mtatia sahihi. Mkutano wa kuamua ni Jumamosi. Katibu ameomba tuisome karatasi hii sote pamoja, kwa sauti, kabla ya siku hiyo. Tutaisoma. Ila kabla ya kuisoma tunaomba mtusikilize kidogo.

Hatukuja kumsema mtu. Mfanyabiashara huyu hajafanya kosa lolote. Ameleta karatasi mchana, mbele ya watu, na kumkabidhi Katibu mkononi. Kama kuna mtu wa kusemwa hapa, ni sisi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na darasa la kisomo katika kijiji kingine. Hatutakitaja. Kijiji kile kilikuwa na timu kama yenu, nayo ilipanda daraja kama yenu. Akatokea mtu mwenye fedha zake. Mwenyekiti wa klabu ile alikuwa mwanafunzi wetu. Alijua kusoma, lakini karatasi ile ilikuwa na maneno ya kisheria, akaogopa. Akatuletea. Akasema, "Walimu, hebu nisomeeni hii, nijue ina nini."

Ilikuwa jioni. Mvua ilikuwa inakuja, nasi tulikuwa tumeshawasha pikipiki. Tukasoma palepale tulipokuwa tumesimama. Juu tukaona neno "udhamini". Chini yake tukaona jezi na mipira. Tukamwambia, "Ni jambo zuri, tieni sahihi." Ukurasa wa pili hatukuugeuza.

Ukurasa wa pili ulisema kwamba klabu, pamoja na jina lake, na nafasi yake katika ligi, na usajili wa wachezaji wake, itakuwa mali ya mtoa fedha. Msimu uliofuata timu ikaenda kucheza mjini. Msimu wa pili ikabadilishwa jina. Vijana watatu wa kijiji walibaki katika timu, wengine wakaambiwa hawahitajiwi. Mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wachezaji uji kila Jumamosi alituuliza kama timu itarudi kucheza nyumbani hata mara moja kwa mwaka. Haikurudi. Uwanja wao uko mpaka leo, na magoli ya miti yako. Mbuzi wanalishwa pale.

Mwenyekiti yule tulikutana naye sokoni baadaye. Hakugomba. Alisema maneno mawili tu: "Walimu, mlisoma?"

Ndiyo maana leo hatukuwasha pikipiki. Tumekuja na taa, na tutalala hapa kijijini.

Sasa, timu kuhama si jambo la vijijini tu, wala si la timu ndogo tu. Wengi mnaikumbuka Ihefu ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kule kwenye mashamba ya mpunga. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Mwaka 2021 ikashuka. Mwaka 2022 ikapanda tena. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Yanga walikwenda Mbarali wakiwa wamecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Ihefu wakawafunga 2–1 katika uwanja wa Highland Estates. Vijana wa Yanga mliomo humu ndani, tunaona mnainama! Baadaye wenye timu wakaihamishia Singida, na msimu wa 2024/25 ikacheza kwa jina jipya, Singida Black Stars. Hatusemi kwamba sheria ilivunjwa. Mwenye mali ana haki ya kuhamisha mali yake, na watu wa Singida nao wanapenda mpira. Lakini mtu wa Mbarali aliyezoea kwenda uwanjani kwa miguu, akitaka kuiona timu ile sasa, lazima apande basi.

Kwa hiyo swali la kuuliza mapema ni hili: mwenye timu ni nani? Je, ni anayeishangilia, au ni aliyeandikwa? Kuna watu walioulizwa swali hili wakiwa wamechelewa, nao wakapata jibu chungu. Ni watu wa mbali, wa Uingereza. Vijana mnaokwenda kwenye kibanda kutazama mpira mnazijua Arsenal, Liverpool na Chelsea. Huenda AFC Wimbledon hamjaisikia. Tunataka kuwasimulia habari zake, maana inafanana na yenu kuliko hizo kubwa.

Wimbledon ni sehemu ya jiji la London, upande wa kusini-magharibi. Klabu ya mpira ilianzishwa pale mwaka 1889. Kwa miaka mingi ilikuwa timu ya ridhaa kama hii yenu. Wachezaji walikuwa na kazi zao, na mpira ulikuwa jambo la jioni na Jumamosi. Mwaka 1963 ilichukua kombe la timu za ridhaa kwa kuifunga Sutton United 4–2. Mabao yote manne aliyafunga mtu mmoja, Eddie Reynolds, na yote aliyafunga kwa kichwa. Mwaka 1964 ikaanza kulipa wachezaji. Mwaka 1977 ikaingizwa katika ligi ya taifa, daraja la nne. Mwaka 1986 ilikuwa tayari imefika daraja la kwanza. Hebu hesabuni: kutoka daraja la nne mpaka la kwanza, miaka tisa tu. Na mwaka 1988 ilicheza fainali ya Kombe la FA na Liverpool, iliyokuwa bingwa wa nchi, ikaifunga 1–0. Katika mchezo huo kipa Dave Beasant aliokoa penalti.

Timu ndogo ikawa kubwa. Lakini kule juu mambo yalibadilika. Klabu ilikuwa na mwenyewe, tena si watu wa Wimbledon kwa ujumla wao. Mwaka 1991 iliondoka katika uwanja wake wa zamani, Plough Lane, ikawa inacheza katika uwanja wa timu nyingine. Mwaka 1997 matajiri kutoka Norwei wakainunua. Mwaka 2000 ikashuka kutoka Ligi Kuu. Mwaka 2001 wakuu wa klabu wakatangaza kwamba wanataka kuihamishia Milton Keynes, mji ulio karibu kilomita 90 kutoka pale.

Watu wa Wimbledon wakakataa. Waliandamana, waliandika barua, walipiga kelele uwanjani. Ligi nayo ilikataa kwanza, lakini wenye klabu wakakata rufani. Mwisho likaachiwa tume ya watu watatu. Tarehe 28 Mei 2002 tume ikatoa uamuzi. Wawili walikubali timu ihame, mmoja alikataa. Basi, yakaisha.

Hapa tunaomba msimame kidogo nasi. Kutoka 1889 mpaka 2002 ni miaka 113. Kulikuwa na watu ambao babu yao aliishangilia timu ile, baba yao akaishangilia, nao wakaishangilia. Siku ya kuamua, watu hao hawakuwa na kura hata moja. Walikuwa na skafu, walikuwa na nyimbo, walikuwa na picha ukutani za mwaka 1988. Karatasi ya kusema "hii ni yetu" hawakuwa nayo.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Wengine wangekaa nyumbani wakalia. Hawa waliitisha mkutano, wakaamua kuanzisha klabu nyingine, yao wenyewe. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Kris Stewart, mmoja wa mashabiki. Jezi hawana, uwanja hawana, wachezaji hawana. Wakatoa tangazo: yeyote anayejiona anajua mpira aje tarehe 29 Juni 2002 pale Wimbledon Common. Hapo ni uwanda wa wazi, mali ya wote, watu hutembeza mbwa wao. Walikuja wachezaji 230! Hebu mfikirie kocha siku hiyo. Ninyi hapa mkiitisha mazoezi wakaja 30, Kocha wenu analalamika.

Siku chache baadaye, tarehe 10 Julai, wakacheza mchezo wa kwanza wa kirafiki. Nao walicheza na nani? Na Sutton United, walewale wa mwaka 1963. Wakafungwa 4–0. Lakini watazamaji walikuwa 4,657. Watu walikwenda kuona timu mpya ikifungwa mabao manne, wakarudi nyumbani wamefurahi, kwa sababu ilikuwa yao.

Ili mwelewe walivyoanza, fikirini ngazi ya kupandia darini. Huko Uingereza Ligi Kuu ndiyo daraja la juu kabisa. Chini yake kuna madaraja mengi, moja chini ya jingine, kama kwetu ambako chini ya Ligi Kuu kuna Championship, na First League, na ligi ya mabingwa wa mikoa, na ligi ya mkoa, na ligi ya wilaya mliyoitoka. AFC Wimbledon waliwekwa daraja la tisa. Walicheza kwenye viwanja ambako watazamaji wa kawaida ni watu mia, pengine pungufu. Wao wakaja kwa maelfu. Tunadhani wauza chai wa viwanja vile hawajasahau.

Msimu wa kwanza walipata pointi 111, wakamaliza wa tatu, wakabaki palepale. Ndiyo, pointi 111 na huku hupandi! Msimu wa pili hawakufungwa hata mchezo mmoja wa ligi, wakapanda. Kutoka Februari 2003 mpaka Desemba 2004 walicheza michezo 78 ya ligi bila kufungwa. Katika mpira wa Uingereza hiyo ni rekodi.

Mtatuuliza: fedha walipata wapi? Ni swali zuri, maana hata ninyi ndilo linalowasumbua. Walitoa viingilio. Walilipa ada za uanachama. Walinunua hisa. Na wadhamini walikuwapo tangu mwaka wa kwanza. Kampuni moja inayotengeneza michezo ya mpira ya kompyuta iliweka jina lake kifuani mwa jezi. Hapa ndipo tunataka mfungue masikio. Kampuni ile ilikodi kifua cha jezi. Haikununua klabu. Klabu ilibaki chini ya chama cha mashabiki kinachoitwa Dons Trust, na katika chama hicho kila mwanachama ana kura moja. Aliyetoa fedha nyingi ana kura moja, na aliyetoa ada tu ana kura moja. Ninyi mliokuwa katika ushirika wa pamba au wa kahawa mnaujua utaratibu huu, hauhitaji Mzungu kuwafundisha.

Udhamini ni mtu kukupa fedha ili jina lake lionekane. Umiliki ni mtu kuwa na neno la mwisho. Maneno haya mawili yanaweza kuandikwa katika karatasi moja, tena ukurasa mmoja, na asiyesoma mpaka mwisho asione lilipo la pili. Sisi hatukuliona.

Msidhani lakini kwamba watu wa AFC Wimbledon hawakukosea. Walikosea, tena kwa karatasi. Msimu wa 2006/07 walimsajili mchezaji aliyewahi kuwa katika klabu ya Cardiff. Cardiff iko Wales. Timu yake inacheza katika ligi za Uingereza, lakini iko chini ya chama cha mpira cha Wales. Kwa hiyo kulihitajiwa kibali cha kutoka chama kimoja kwenda kingine, kama mtu anayevuka mpaka. Kibali hicho hawakukiomba. Mchezaji yule hakuwa wa bandia, hakucheza kwa jina la mtu mwingine. Ni karatasi moja tu ilikosekana. Wakaondolewa katika kombe moja, na katika ligi wakanyang'anywa pointi 18. Kumi na nane! Wakakata rufani, adhabu ikapunguzwa mpaka pointi 3 na faini ya pauni 400. Mwaka ule hawakupanda.

Kwa nini tunawasimulia hili? Kwa sababu mnakwenda ligi ya mkoa, na huko mambo ya usajili si ya mzaha. Picha ya mchezaji, tarehe ya kuzaliwa, klabu aliyotoka, sahihi yake, yote yanatazamwa. Katika ligi ya wilaya mtu aliweza kusema, "Huyu ni ndugu yetu, amekuja likizo, acheni acheze." Ligi ya mkoa haina likizo. Tunajua mna kijana mmoja hodari upande wa kushoto ambaye msimu uliopita alicheza wilaya ya jirani. Hatumtaji. Katibu, barua ya kumruhusu iko? Kama haipo, kesho asubuhi iandikwe.

Turudi London. Walipanda tena mwaka 2008, na tena 2009. Tarehe 21 Mei 2011 walicheza na Luton Town mchezo wa mwisho wa mchujo. Dakika 90 hakuna bao, na dakika 30 za nyongeza hakuna bao. Zikapigwa penalti, wakashinda 4–3. Wakaingia ligi ya taifa, daraja la nne, palepale ilipoingia ile klabu ya zamani mwaka 1977. Kwa misimu tisa walikuwa wamepanda mara tano. Na ile klabu iliyohamia Milton Keynes? Ilibadili jina mwaka 2004. Mwaka 2007 ilizirudisha kumbukumbu za vikombe vya zamani kwa halmashauri ya Merton, ambayo Wimbledon imo ndani yake. Kombe la mwaka 1988 lina kwao.

Wasifikiri watu kwamba baada ya hapo ilikuwa kupanda tu. Mwaka 2013 nusura washuke, walijiokoa siku ya mwisho. Mwaka 2016 wakapanda daraja la tatu. Mwaka 2022 wakashuka kurudi la nne. Mei 2025 wakapanda tena la tatu, baada ya kuifunga Walsall 1–0 pale Wembley. Waliposhuka mwaka 2022 walilia, ndiyo. Lakini timu iliposhuka ilikuwa bado Wimbledon, na asubuhi yake wanachama walikuwa walewale. Kushuka daraja ni huzuni ya msimu mmoja au miwili. Timu ya kile kijiji chetu cha kwanza haikushuka. Kwa kweli ilipanda, huko mjini. Na hakuna mtu kijijini aliyeshangilia.

Tena kuna jambo la uwanja. Kwa miaka mingi hawa watu hawakuwa na uwanja Wimbledon kwenyewe. Wakaamua kujenga karibu sana na pale Plough Lane pa zamani. Fedha zikapungua katikati ya ujenzi. Hapo likazuka tena lile jambo la zamani: tuuze sehemu ya klabu kwa wenye fedha, au tufanyeje? Walibishana sana. Mwisho mashabiki wakaikopesha klabu yao wenyewe. Mwaka 2020 ilikusanywa mikopo ya zaidi ya pauni milioni 5, kila mkopeshaji na hati yake. Novemba 2020 timu ikacheza mchezo wa kwanza katika uwanja mpya, na watazamaji hawakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya korona. Miaka 29 wanasubiri kurudi nyumbani, na siku ya kurudi wanatazama kwenye televisheni! Mambo mengine, acheni tu.

Haya. Sasa turudi hapa kwetu, chini ya taa hii.

Hatusemi mkatae jezi. Tunajua ligi ya mkoa ina gharama. Michezo ya ugenini ni safari, na safari ni nauli, chakula na pa kulala. Mchango wa mahindi mliozoea hautatosha. Mzee mmoja alituambia mchana, "Walimu, mnatuonyesha sumu, lakini njaa hamtuondolei." Amesema kweli. Fedha za mfanyabiashara huyu mnazihitaji, na huenda yeye mwenyewe hana nia mbaya. Tunachosema ni kwamba mnaweza kumjibu. Karatasi si amri ya serikali. Mkiona mstari msioupenda, mnaweza kuukata kwa kalamu na kumrudishia, mkamwambia: tunakupa kifua cha jezi, tunakupa jina lako kwenye ubao wa uwanja, tunakupa kiti cha mbele, kwa msimu mmoja au miwili. Akikubali, vizuri. Akikataa, mtakuwa mmejua alikuwa anataka nini.

Tulipoisoma usiku wa jana, peke yetu, tuliweka alama za penseli pembeni mahali patatu. Hatutawaambia sasa zina nini. Mtazikuta wenyewe. Ila mkifika kwenye neno "milele", simameni. Mkifika kwenye maneno "na haki zote", simameni, mwulizane haki zipi. Mkikuta mahali pameachwa wazi pa kujaza baadaye, msitie sahihi hata kama mengine yote ni mazuri.

Kuna jingine, nalo linatuhusu sisi tuliomo humu zaidi kuliko mfanyabiashara. Tuliliomba daftari la wanachama wa klabu. Katibu alilileta, halina kosa, limeandikwa kwa mwandiko safi. Lakini majina yaliyomo ni machache kuliko watu waliomo katika chumba hiki. Akina mama hawamo kabisa. Nani aliyefua jezi msimu mzima? Nani aliyepika uji? Nani aliyetoa kuku kumi siku ya mchezo wa mwisho? Kwa daftari hili, Jumamosi watu hao hawatakuwa na kura. Watasimama nje ya dirisha kama watu wa Wimbledon mwaka 2002, wakati watu wachache wanaamua. Ndugu Mwenyekiti, katiba ya klabu yenu tumeisoma. Inasema mwanachama ni mtu yeyote wa kijiji aliyelipa ada. Haisemi mwanamume. Na ada yenyewe haifiki bei ya soda mbili.

Tena katiba hiyo na cheti cha kuandikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo viko wapi? Tumeambiwa viko nyumbani kwa mtu mmoja. Ni mtu mwema, hatuna shaka naye. Lakini nyumba huungua, na mtu huhama. Vipelekeni ofisi ya kijiji, na nakala ibaki kwa afisa michezo wa wilaya. Mweka Hazina naye tunamwomba kitabu cha stakabadhi. Fedha za kiingilio cha mchezo wa mwisho zimeandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni. Hesabu yake ni sahihi, tumeijumlisha mara mbili. Lakini boksi la sabuni halipelekwi mbele ya chama cha mpira cha mkoa.

Tumesema mengi, na wachezaji wanasinzia. Walikuwa mazoezini, wasameheni.

Basi tusome. Kwanza Katibu atafungua daftari, na anayetaka kuandikwa aandikwe sasa hivi, Mweka Hazina apokee ada na kutoa stakabadhi. Tutangoja. Baada ya hapo tutaichukua karatasi hii. Sisi hatutaisoma. Mtasoma ninyi, kila mtu mistari mitano, na neno likiwa gumu tutalivunja pamoja silabi kwa silabi kama darasani. Mama uliyekaa hapo mbele, wewe uliyemaliza kisomo mwaka huu, utaanza. Soma polepole, sauti ifike mpaka mlangoni. Na ukifika chini ya ukurasa, geuza.